Kilo za Maji

Saa nne asubuhi, Fundi Futi anaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, anakata uzi na kwenda kunawa. Ananawa hadi viwiko, taratibu, kama mtu asiye na mteja duniani. Kisha anavaa barakoa na kuingia nyuma ya pazia ambako zamani wateja walijaribu nguo.

Kwenye ndoano ya suti ananing'iniza mfuko wa maji ya dawa, lita mbili. Figo zake zilikufa miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka arobaini na minne. Sasa maji hayo huingia tumboni kwa mrija, hukaa saa kadhaa yakivuta uchafu wa damu, kisha yeye huyatoa na kuweka mengine. Mara nne kwa siku.

"Ingieni tu, ila msipige chafya," anawaambia wateja kutoka nyuma ya pazia. "Huku ni hospitali ya rufaa."

Wateja wanacheka. Mkewe, anayeshona vifungo karibu na mlango, hacheki.

Kliniki walimwonya mapema. "Muuguzi aliniambia, mnene hatutishi sana, ana akiba. Anayekonda ndiye anayetukosesha usingizi," anakumbuka. Maji yale yakitoka huondoka pia na lishe, na sukari iliyomo huua njaa. "Wali naula kama natafuna pamba." Akaambiwa asishuke chini ya kilo hamsini na tano.

Hapo ndipo alipofanya ujanja ambao hadi leo unamtafuna.

Mgonjwa hutakiwa kutoa maji kabla ya kupanda mizani. Yeye akawa hatoi, na siku ya kliniki anaongeza mengine juu yake. "Naulizwa, umetoa? Nasema nimetoa." Mwezi baada ya mwezi, mizani ikasoma hamsini na tano. Muuguzi akampongeza.

"Nilikuwa nasifiwa kwa maji," anasema, macho yakiwa kwenye kitambaa. "Sikukusudia kuwadanganya wao. Nilitaka tu kurudi nyumbani na namba ya kumpa mama watoto."

"Akanipa, nikaipokea," mkewe anadakia. "Nikalala usingizi."

Miezi mitano ilipita. Siku moja mama huyo akaamua kumshonea mumewe shati. Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi mbili. Akazungusha futi kwenye mkono, akadhani ameishika vibaya, akarudia.

"Ulikuwa mkono wa mtoto wa darasa la sita," anasema. "Sare zao nashona kila siku, siwezi kukosea."

Akamuuliza, "Baba watoto, hili tumbo ni la nani?"

"La hospitali."

"Na huu mkono?"

Fundi akauvuta mkono wake na kurudi kwenye cherehani.

Kliniki iliyofuata mkewe alikwenda naye, akasimama kando hadi tone la mwisho likatoka. Mshale wa mizani ukasimama kwenye hamsini na moja. Daktari hakugomba. Alisema tu kwamba kama wangejua tangu nyama zilipoanza kwenda, wangeweza kufanya mengi. Sasa watabadilisha aina ya maji, ale mayai, ale samaki, lakini hawezi kuahidi kitu.

"Afadhali angenitukana," anasema fundi.

Adhuhuri mwalimu mkuu wa shule ya jirani anafika na majora mawili ya kitambaa: sare za muhula ujao, miezi minne mbele. Fundi anamgeukia mkewe, sauti chini. "Mwambie apeleke kwingine. Nisije nikaacha kazi ya watu mezani."

Mkewe anatandaza kitambaa. "Kola utakata wewe," anasema bila kuinua macho. "Zangu hupinda."

Mwalimu akishaondoka, mwandishi wa makala haya anamuuliza fundi anatumaini nini.

"Kilo moja," anasema. "Ya nyama. Hata kama haitanifikisha mbali."

Mkewe anamsogezea yai la kuchemsha. Analikata katikati. Nusu anaimeza kwa maji kidogo aliyoruhusiwa. Nusu nyingine inabaki kwenye sahani, na mkewe haiondoi.