Uso wa Mama kwa Rangi za Tyubu

Biashara zilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kugombania kahawa yetu Mbinga, kila mwenye duka alitaka jina lake lisomeke kutoka barabarani, na mwandishi wa majina hayo alikuwa mimi. Darasa la nne tu, barua naandika kwa kubahatisha, lakini herufi zangu zilinyooka kuliko za waliosoma. Nilichora matairi, soda, vichwa vya saluni. Hakuna aliyenifundisha. Nyumba yangu nimeijenga kwa brashi, waulizeni.

Kitu kimoja kilinishinda. Mama alifariki Chiwanda, kule ziwani, bila kupigwa picha hata moja, na uso wake ulikuwa unanitoka. Asubuhi naukumbuka, mchana nimebaki na kilemba chake tu. Nikaamua kumchora kabla hajaniponyoka kabisa.

Nilimpima kwa kamba na rula kama bango, nikamjaza rangi, nikamtia na tabasamu. Picha hiyo nikampelekea dada yangu mkubwa, aliyebaki kwenye nyumba ya mama. Aliitazama, akashika kiuno.

"Mdogo wangu, huyu anauza mafuta ya nywele?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Kwetu Mbinga, pale misheni, alikuwepo padri mzee, mgeni, aliyependa kuchora. Nilikwenda kumwamkia, nikamweleza shida yangu. Akanipa turubai la kuchorea, kisu butu cha kupakia na rangi za tyubu. Alisema kwao uchoraji huo una jina refu, ila maana yake ni kwamba hutafuti kufanana, unatafuta kinachokuuma. Akaniuliza ninachomkosa mama ni nini hasa. Nikamwambia: alipokuwa akibanika samaki na moshi ukamjia, alifumba jicho moja, na kwa lile lingine akawa ananitazama kuona kama nimeshiba.

"Basi chora jicho hilo, fundi," akasema. "Uso utalifuata."

Shavu moja likawa jekundu, la pili likawa kijani cha ziwa mvua inapokaribia. Nilipaka kwa kisu, nene, bila rula. Jicho lilipotokea nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Sasa, rangi ya mafuta ya kopo naijua: ukipaka leo, kesho unabeba. Padri alinionya kwamba hii ya tyubu inataka wiki nyingi, tena na ukungu wetu huu wa baridi. Nikaona ananifundisha kazi yangu. Kesho yake picha nikaiviringishia shuka, nikapanda lori la kuteremka ziwani.

Dada alipoifungua, nusu ya mama ilitoka na shuka. Shavu lilikuwa limeburuzwa mpaka sikioni, mdomo haupo. Jicho peke yake ndilo lililosalimika. Nikaanza kuomba radhi, nikamsihi anieleze mdomo ulivyokuwa ili niurudishie.

"Jicho ni lake," akasema. "Mdomo hata mimi siukumbuki tena, mdogo wangu."

Sikujua. Miaka yote nilidhani yeye anao uso mzima, kwamba siku nikikwama nitamuuliza. Akanyoosha kidole, akaligusa lile jicho, rangi ikamshika. Mimi, nisiyeruhusu mtu kugusa kazi yangu, nilimwacha aguse.