Kuku wa Mama Tusajigwe Aliyeliwa na Wageni

Saa tatu kasorobo asubuhi, na baridi ya Mbeya bado inang'ata. Kwenye benchi la hospitali, Mama Tusajigwe amekaa kama amekalia misumari. Nyuma ya mlango uliofungwa, mashine inapiga picha mguu wa Anyitike, tarishi wa barua aliyeanguka na baiskeli kwenye mteremko wa Tukuyu siku hamsini zilizopita.

Mguu ni wa Anyitike, lakini jina linalopimwa ni la mama huyu. Ndiye aliyeufunga.

"Ukiwa umeunga vibaya, nani ataniletea mtoto wake tena?" anasema, na miguu yake haitulii sakafuni.

Ana miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo ameunga mifupa ya watu wa milima ya Rungwe, kazi aliyofundishwa na babu yake. Vifaa vyake ni vipande vya mianzi, majani ya kuponda, maji ya moto na vidole. Aliyepona humpa shilingi tano au mkungu wa ndizi. Wengine humwambia "ndaga fijo", yaani asante sana, wakaenda zao.

Tangu ajuane na Ambrosi, dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya jirani, vitambaa vyake anavichemsha na mikono anaiosha kwa sabuni. "Mfupa uliotoboa ngozi siugusi. Huo wa hospitali, una sindano zake," anasema.

Kalenda yake, hata hivyo, ni ya babu: kuku. Mgonjwa akifungwa, kuku naye huvunjwa mguu na kufungwa kwa dawa ile ile. Kuku akikanyaga chini, siku alizochukua huzidishwa mara mbili. Zikitimia, mgonjwa hufunguliwa.

Kuku wa Anyitike alifika siku ya kumi na saba. Ya kumi na nane hakuiona.

"Nilimchinja mimi!" anasema Yudith, mke wa kaka yake Anyitike, aliyetoka Ilula na kapu la nyanya kuja kumwona shemeji yake. Yuko hapa hapa kwenye benchi, kanga mdomoni. "Wageni wamejaa, namwona kuku kafungwa mguu. Nikasema huyu kaumia, tumle kabla hajafa. Kumbe nimepika dawa ya watu!"

Lo! Nyumba ilitibuka. Wazee wakasema avunjwe kuku mwingine, hesabu ianze upya. Mama Tusajigwe akakataa katakata.

"Huyo wa pili angeunga mguu wake, si wa Anyitike," anasema. "Wa kwanza kaliwa na ugali. Sasa nizidishe nini?"

Ambrosi ndiye aliyetaja mashine ya Mbeya. Wazee waliguna, lakini wiki ya saba ilipokwisha mama akakata shauri. Alfajiri ya leo wakampakia mgonjwa kwenye basi, na mianzi yake mguuni.

Mlango unafunguka. Daktari, Mzungu mrefu, anatoka na picha mkononi. Anauliza kitu, na Ambrosi, aliyewasindikiza, anatafsiri: "Anataka kujua nani kaufunga mguu huu."

Mama Tusajigwe anasimama. "Ni mimi, bwana."

Daktari anamtazama, kisha anampa mkono. Mfupa umeunga! Yudith anapiga vigelegele mpaka muuguzi anachungulia, na ndani Anyitike anasikika akiuliza kama kuna harusi.

Lakini mama hashangilii. Ameichukua ile picha, ameiinua dirishani, na kidole chake kinapita polepole juu ya mfupa mweupe wa muundi. Machozi yanamlengalenga.

"Miaka thelathini naushika," anasema. "Leo ndiyo nauona."

Kidole kinasimama. "Hapa nimekosea. Umelala kidogo upande."

Daktari anacheka, anasema ni kidogo mno, tarishi atapanda baiskeli kama zamani. Mama anatikisa kichwa. Furaha imempanda usoni, lakini hakubali daktari alipunguze kosa lake.

"Kumbe kosa linaonekana! Na likionekana, hurekebishwa," anasema, akimgeukia Ambrosi. "Nyumbani nina wagonjwa wawili, mmoja nimemfunga juzi tu. Uliza Jumatatu wanafungua saa ngapi. Nawaleta wote, na huyo wa juzi, ikibidi, namfungua namfunga upya."