Nywele Ndani ya Ndoo ya Hallbera

Mwenyekiti wa chama cha wanawake amekuja hapa kwangu mara tatu. Anasema ukumbi wetu wa sinema umezeeka na utafanyiwa sherehe, kwa hiyo kila mzee aandike kuhusu sinema iliyomgusa. Eti iliyomgusa. Mimi nimesoma majira matatu tu ya baridi, kwa mwalimu aliyekuwa akizunguka shamba hadi shamba, na mkono wangu umezoea sindano ya kushonea matumbo ya kondoo ya kutilia soseji kuliko kalamu. Nikamwambia sinema haikunigusa, ilinichafua. Akasema, andika hivyo hivyo bibi. Haya. Lakini nitaandika habari za wifi yangu Hallbera, maana yeye ndiye aliyeharibiwa.

Hallbera alikuwa dada wa mume wangu, Ásgrímur. Hakuolewa na hakutaka. Tuliishi nyumba moja miaka arobaini na sita, tukagombania kila kitu isipokuwa damu. Damu ilikuwa yake. Mwezi wa tisa kondoo wakishuka kutoka mlimani tunachinja, damu ya soseji inakingwa kwenye ndoo yenye chumvi, na lazima mtu atie mkono akoroge bila kusimama mpaka ipoe. Akisimama, inaganda kama maini, na hapo ni ya kumwaga tu. Mwiko haufai. Damu hujifanyia nyuzi nyuzi ndani yake, na ni vidole ndivyo vinavyozinasa na kuzitoa. Hallbera alianza kazi hiyo ana miaka tisa. Alikuwa akizitoa nyuzi huku anasengenya watu, hata ndoo haitazami. Soseji yetu ya damu haikuwahi kuwa na donge, na watu wa ng'ambo ya ghuba walikuwa wakimpigia simu aende akawakorogee.

Sasa sinema. Aliyekuwa akiendesha mashine ukumbini ni Kolbeinn, mtu wa kuvuta tumbaku puani, mchuzi wa kahawia unamtiririka mpaka kwenye mdomo na yeye anaulamba. Mwishoni mwa kiangazi fulani alileta sinema ya rangi. Hallbera hakutaka kwenda.

"Nenda wewe. Mimi nina soksi za kumaliza."

"Soksi zitakuwepo kesho," nikamwambia. "Au unaogopa shuka jeupe la sinema, wifi?"

Akavaa koti. Ni mimi niliyempeleka. Nimeshaandika, sitaandika mara ya pili.

Sinema yenyewe siisimulii yote, haistahili. Mtu mmoja ana nyumba ya kupangisha, mkewe kapotea. Kijakazi anakuta beseni la maji mekundu, anadhani ni nguo zimerowekwa, anatia mkono, anavuta. Zinatoka nywele. Anavuta, nazo zinatoka tu, ndefu, zimemzunguka vidole. Ukumbi unanuka sweta zilizolowa mvua, watu wanacheka cheka kwa woga, na mzee nyuma yetu hakuacha kutafuna samaki wake mkavu. Mimi nilicheka. Hallbera alifuta mkono wake wa kulia kwenye sketi. Akaufuta njia nzima mpaka nyumbani.

Wiki tatu baadaye tukachinja. Alianza vizuri, mara akautoa mkono akaukung'uta hewani.

"Kuna nywele."

"Ni nyuzi, wifi. Unazitoa tangu mtoto."

"Najua ni nyuzi. Nakwambia ni nywele."

Akaenda ukutani akatapika kahawa yote ya asubuhi. Sisi tumesimama tunamshangaa kama wajinga, na damu ya kondoo wanne ikaganda. Ásgrímur akaimwaga kwenye samadi. Kunguru walikuwa wameshaona.

Walikuwa wamebaki kondoo kumi na nane. Bila damu yao, majira ya baridi tungekula samaki na viazi mpaka tuvichukie. Lakini lililonitia hofu ni Hallbera mwenyewe. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba. Alikuwa na mkono ule.

Kesho yake Kolbeinn alikuja, ameshasikia.

"Dada Hallbera, ile ilikuwa sharubati na rangi. Na zile nywele ni mkia wa farasi. Wenyewe waliotengeneza walikuwa wanacheka."

"Kwa hiyo mimi nimetapikia sharubati."

"Ndiyo hivyo."

"Toka uani kwetu, na pua yako uende nayo."

Hapo ndipo alipozidi kuharibika. Kushindwa na maiti ni afadhali kuliko kushindwa na sharubati.

Tulipochinja tena nikamwambia tutatia mikono wote wawili. Nikamkunja mkono wa sweta, nikamshika kifundo cha mkono, tukazamisha. Damu ilikuwa bado na joto la mnyama.

"Tulia," nikasema.

"Nimetulia. Wewe ndiye unayenibana."

Uzi mmoja ukaninasa kidole cha pete. Ninajua uzi ni nini. Ukajizungusha, ukapita chini ya pete, ukavutika, na haukuwa uzi. Nikautoa mkono kabla yake, mimi niliyecheka ukumbini, nikausugua kwenye majani mpaka ngozi ikachubuka.

Hallbera akanitazama. "Na wewe pia," akasema taratibu. Sikuona kama alifurahi. Kisha akauma meno, akaendelea kukoroga peke yake, maana sasa tulioharibiwa tulikuwa wawili na mmoja ilibidi abaki kwenye ndoo. Alikoroga damu ya kondoo wote kumi na nane. Kati ya ndoo na ndoo alikwenda ukutani, akarudi, akafuta mdomo kwa bega.

Alifanya hivyo kila mwaka, miaka thelathini na mmoja. Wageni walikula wakasifu. Yeye hakuonja tena hata kipande, wala mimi. Televisheni ilipoingia nyumbani aliipa mgongo akafuma. Mtu tusiyemjua, amekaa kwenye joto la mji wake, alichovya mkia wa farasi kwenye sharubati, akaenda kula chakula chake cha mchana, akasahau. Uchafu wake ukakaa kwenye ndoo yetu mpaka Hallbera anazikwa, mwezi wa nne mwaka huu. Kinyaa changu kwa mtu huyo sina neno lake.

Kondoo ishirini wa mwanangu wanashuka mwezi wa tisa na hakuna wa kukoroga. Mimi siwezi, nimejaribu hata kwa glavu. Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa bure, usiniletee maua wala pole. Kata kucha, vua pete, uje Jumamosi ya pili, saa moja asubuhi. Na kama uliwahi kuangalia sinema ya namna ile, tuma mtu mwingine.