Fundi vigae wa Nyamitanga anayesubiri mkono wa nane

Saa kumi na mbili asubuhi Baudouin Mushagalusha anawasha pampu, anaweka kiganja kwenye bomba na kusikiliza. Siku nyingine, maji yakianza kupanda kwenda kwenye matangi ya juu, hupiga mluzi kidogo na kwenda kuchukua ufagio. Leo hapigi mluzi. Kuna gari limesimama nje ya geti, na mlango wake umefungwa kwa kishindo.

Anazima pampu ili asikie vizuri. Kumbe ni mpangaji wa ghorofa ya pili, anatoka zamu hospitalini. Baudouin anaiwasha tena, lakini macho yake yako getini na inambidi abonyeze mara mbili.

"Kila gari ikisimama, mi nasema ni bale bamekuja kunifukuza," anasema. "Bibi yangu ananicheka. Lakini na yeye anaogopa, nilimuona."

Baudouin, mwenye miaka hamsini na minne, ni fundi vigae na mwangalizi wa jengo la ghorofa tatu lililoko Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, mjini Mbarara, Uganda. Jengo lina fleti nane. Yeye hufagia ngazi, hupandisha maji na kubadilisha vigae vilivyopasuka, kwa mshahara wa shilingi laki moja na ishirini elfu kwa mwezi.

Yeye na mkewe, Sidonie, wanaishi chini ya ngazi, katika chumba kilicho ubavuni mwa pampu. Kina kitanda, meza, jiko la mkaa mlangoni, na sakafu ya rangi chungu nzima, kwa kuwa aliitandika kwa mabaki ya vigae vya fleti zote. Sidonie anaipiga deki kila siku kama sakafu ya kanisa.

Chumba hicho ndicho kinachomweka roho juu. Yeye anaamini ni chake. Sheria inasema ni cha kila mwenye fleti katika jengo hilo, na yeye hana fleti.

Mambo yalianza vizuri. Baudouin alikimbia vita Walungu, Kivu Kusini, nchini Kongo, mwaka 2004, akapewa kiwanja katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Alilima mahindi na maharagwe, lakini mikono yake ilikuwa imezoea vigae. Mwaka 2008 mwanajeshi mstaafu aliyeitwa Herbert, aliyekuwa akijenga ghorofa lake Nyamitanga, alimchukua kazini. Baudouin akatandika vigae vya jengo zima, chini mpaka juu.

Herbert alimpenda fundi wake. Siku kazi ilipokwisha, alimpa ufunguo wa chumba cha chini. Baudouin anayakumbuka maneno yake: "Mzee, Nakivale iko mbali. Kaa hapa, hii nyumba ni yako."

Kwa Mshi wa Walungu, na Baudouin ni wa kabila hilo, neno kama hilo halipokelewi kwa mikono mitupu. Baudouin aliuza mavuno yake yote, akanunua mtamba mmoja na kumpelekea Herbert mbele ya majirani.

"Kwetu banaita kalinzi," anaeleza. "Mwenye udongo akikubali ngombe yako, imeisha. Ile fasi ni yako, ni ya batoto, ni ya bajukuu. Hakuna mutu anaweza kurudia nyuma."

Herbert alimpokea yule mtamba kwa furaha kubwa. Ila Herbert alikuwa Mnyankole, mwenyeji wa Mbarara, na kwao mtu akikupa ng'ombe amekufanya rafiki, basi. Mtamba alipozaa, mstaafu yule muungwana akamletea Baudouin ndama, kama rafiki anavyomfanyia rafiki.

Baudouin nusura azimie. Kwake, kurudishiwa ng'ombe ni kunyang'anywa ardhi. Alimkatalia ndama huyo kwa maneno mengi na jasho jingi, na Herbert akaondoka akitikisa kichwa, asielewe fundi wake amepatwa na nini. Wawili hao hawakulizungumza tena. Kila mmoja alimheshimu mwenzake na kumwelewa visivyo.

Wakati huohuo Herbert alikuwa ameanza kuziuza fleti, kila moja na hati yake. Mpimaji alichora ramani ya jengo na kuisajili. Ndani ya ramani kulikuwa na fleti nane zenye namba. Ngazi, paa, ua na chumba cha pampu viliandikwa kuwa mali ya pamoja. Mwaka 2012 Herbert akafariki. Hakuna aliyesikia habari za kalinzi.

Balaa lilifumuka Julai mwaka huu, 2013. Mwenye fleti mojawapo alitaka kuiuza, na wakili wa mnunuzi akaja kukagua. Aliona kitanda kwenye chumba cha pampu, akauliza karatasi iko wapi. Karatasi haikuwepo, na uhamisho wa hati ukasimama.

Wenye fleti waliitana uani. Baudouin alisimama karibu na geti, kofia mkononi, kama mshtakiwa. Ketty, mwalimu na mwenyekiti wa chama chao, ndiye aliyezungumza.

"Sisi hatutaki kufukuza mzee," Ketty anasema anapoulizwa leo. "Amekaa na sisi vizuri sana. Lakini sheria iko hivyo, hiyo chumba ni ya watu wote. Mimi kama chairman siwezi kumupa peke yangu."

Mwanasheria waliyemwendea mwezi Oktoba aliwaonyesha njia moja. Baudouin ni mgeni, hawezi kumilikishwa milele, lakini chama kinaweza kumpangisha chumba hicho kwa mkataba wa miaka mingi, ukasajiliwa. Sharti ni kwamba wenye fleti wote nane wakubali, na kila mmoja atie saini yake. Mmoja akikosekana, hakuna mkataba na Baudouin atahama, na mnunuzi amesema hatangoja zaidi ya Desemba.

Saba walinyoosha mikono siku waliposikia ushauri huo. Sidonie alipiga kigelegele kabla ya wakati wake.

Fleti ya nane ni ya Faizo, koplo wa jeshi la Uganda aliye vitani Somalia na kikosi chake. Mkewe, Annah, anaishi kwenye kambi ya jeshi na watoto, na fleti wameipangisha. Ketty alimfuata, akamwomba asaini kwa niaba ya mumewe, japo mwanasheria alikwisha kusema kwamba bila idhini ya maandishi ya Faizo saini hiyo ingekuwa na mashaka. Annah alikataa katakata.

Sababu yake haikuwa ya kisheria. Simu ya Faizo ilikuwa haipatikani tangu mwisho wa Septemba.

"Nikisaini kwa nafasi yake, ni kama nasema hayupo," anasema Annah. "Wee! Mimi siwezi. Pale kambini gari ya wakubwa ikipita karibu na mlango yangu, nashika ukuta."

Na kama Faizo hayupo kweli, mwanasheria amewaambia, fleti itaingia kwenye mirathi. Warithi watatafutwa, mahakama itakaa, na Desemba haitamngoja mtu. Baudouin aliposikia hayo alianza kufungua redio kila saa ya habari. Likitajwa jina la Somalia, anakaa kitako sakafuni.

"Ninaona haya," anasema kwa sauti ndogo. "Mutu ako mu vita, mi namuombea juu ya chumba. Mungu anasikia maombi ya namna gani?"

Wiki iliyopita Annah alikuja kuchukua kodi ya fleti. Baudouin alimwona tangu getini, akaingia chumbani na kuurudisha mlango, asije akamfanya mama wa watu adhani anadaiwa saini. Annah akaja kubisha mwenyewe. Sidonie akampa kiti.

Annah hakutaja mkataba. Alimwuliza, "Mzee, wewe ulitoka kwa vita. Mtu akinyamaza hivi, anarudi?"

Baudouin alikuwa na mdogo wake, Bienvenu. Watu wenye bunduki walimchukua awabebee mizigo, wakasema ni kazi ya siku moja. Mama yao alimwekea ugali jioni ile na jioni zilizofuata, mpaka familia ilipokimbia. Hadi leo hawajasikia habari zake.

"Anarudi, mama," Baudouin alimjibu. "Bengi banarudi."

Annah alipoondoka, Sidonie alimwuliza mumewe kwa nini hakumtaja Bienvenu.

Desemba ikiisha bila mkataba, mpango wa Baudouin ni kufunga mizigo kabla hajaambiwa, arudi Nakivale kwa shemeji yake, kwa kuwa kiwanja chake walikwisha kupewa wengine. Ameshaanza kukusanya magunia. Lakini kila asubuhi, kabla ya pampu, anamwombea Faizo, na anasema sala yenyewe imebadilika.

"Mambo ya sinyatire, ile saini, nilitoa mu maombi," anasema. "Apige simu tu. Aongee na bibi yake, aongee na batoto, ata siku muzima. Bakimaliza, kama pesa ya simu ingali, ndio bamuulize juu ya mi."