Siku Kumi na Moja Bila Ruhusa

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha darasa la tano nilikwenda Gahanga, pembezoni mwa Kigali, kumrudisha shuleni msichana aliyekuwa hajaonekana kwa siku kumi na moja. Nilimrudisha. Shuleni nilipongezwa.

Kanuni zetu zilikuwa wazi. Mwanafunzi asipofika siku ya tatu, mwalimu wa darasa anapiga simu nyumbani kwao. Wiki ikipita, anakwenda mwenyewe, akiongozana na kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa ule mdogo ambao kila mmoja anamjua mwenzake. Mzazi anatia sahihi karatasi ya ahadi, na asipoitimiza anaitwa ofisini kwenye sekta, ambayo ni kama kata. Mwanzoni mwa mwaka mimi mwenyewe niliwasomea wazazi kanuni hizo, wakapiga makofi.

Simu ya mama wa yule msichana ilikuwa haipatikani. Mkuu wa shule aliniita. "Jumatatu nimuone darasani," alisema. "Mkaguzi akikuta mtoto hayupo siku zote hizo, mimi ndiye nitakayejibu." Nami nilikuwa bado najiona mgeni kazini, nimekuja Kigali nikiwa mtu mzima kutoka Tanzania nilikolelewa, na sikutaka jina langu litajwe kwenye kikao kwa ubaya.

Kiongozi wa mudugudu, mzee mwenye gambuti miguuni, alinipitisha kwenye nyumba mpya za ukuta mrefu, kisha tukateremka kati ya mihogo mpaka kwenye nyumba ya matofali ya udongo. Msichana alikuwa uani anafua mashuka. Miaka kumi na miwili. Alikuwa amevaa sketi ya sare, nadhani kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa nzima. Hakukimbia. Alijifuta mikono.

"Mwalimu, nilijua utakuja," alisema. Mimi naye tulizungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza. Mama yake alilelewa Bujumbura, nacho ndicho alichomlelea. "Mama iko ndani. Hawezi kusema."

Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa wote, mdomo umeshuka. Hospitali walikuwa wamemruhusu kurudi nyumbani. Baba hakuwepo, na hakuna aliyejua alikokuwa. Nilitegemea harufu mbaya, lakini chumba kilinukia sabuni. Chini ya goti la mgonjwa palikuwa na kitenge kilichokunjwa vizuri, na nywele zake zilikuwa zimesukwa upya.

"Saa nne ninamgeuza," msichana alinieleza, kana kwamba nimekuja kumpokea zamu. "Saa sita namupa uji. Lakini uji hapana hivi hivi, Mwalimu. Lazima akae. Ninamwegemeza kwangu, kijiko kidogo, nangoja ameze, ndiyo natia kingine. Akipewa amelala, inapita njia mbaya."

Niliitikia kwa kichwa. Macho yangu yalikuwa yanatafuta mahali pa kuweka karatasi ya ahadi ili iandikwe.

Kiongozi aliita jirani, mwanamke aliyekuwa akipalilia shamba la pili na mtoto mgongoni. Alikubali mara moja. "Nitamwangalia mchana, mimi niko hapa tu." Kiongozi akapiga viganja vyake. "Basi, limekwisha."

Mgonjwa hakuweza kuandika, kwa hiyo nilishika kidole gumba chake cha kushoto, nikakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Kilikuwa na joto. Alinitazama akatoa sauti moja ndefu.

"Anasema asante," msichana alisema.

Sikuamini wakati ule na siamini leo.

Tukiwa tunaondoka nilisimama shambani nikamwambia jirani: "Saa sita usisahau kumpa uji." Akasema sawa. Hayo ndiyo niliyomwambia, hakuna zaidi.

Jumatatu msichana alikuja mapema kuliko wote. Mchana, wenzake walipopanga foleni ya maharage na kawunga, ugali wa mahindi, alinifuata kuomba aende nyumbani mara moja. Ni mwendo wa dakika arobaini. Nilimwambia akitoka nje ya lango atahesabiwa mtoro, na ahadi ya mama yake itakuwa imevunjwa.

"Lakini ya uji ulimwambia jirani?" aliuliza.

"Nilimwambia," nilijibu.

Akarudi kwenye foleni. Kesho yake hakuuliza tena. Mkuu wa shule alisimama mlangoni kwetu wiki hiyo, akamwona kwenye dawati la pili, akatabasamu.

Alhamisi ya wiki ya pili alisinzia darasani nikamwamsha. Ijumaa alichelewa. Alisema mama alikohoa tangu jana na kifua kinakoroma. Nilimwambia apite, nikaandika kwamba amechelewa, nikaendelea na hesabu za sehemu. Ningeweza kumpa ruhusa siku hiyo. Karatasi za ruhusa zilikuwa ndani ya droo yangu. Nilifikiri juu ya siku kumi na moja zilizotangulia, nikaona mkuu wa shule hatakubali, nikaacha.

Jumamosi majirani walimbeba mama mpaka kituo cha afya, wakampeleka hospitali. Jumanne alifariki.

Kwenye msiba nilikaa kwenye benchi pamoja na wanawake. Jirani alikuwa analia kuliko ndugu. "Daktari amesema chakula kiliingia kwenye mapafu," alimwambia kila aliyekaa karibu naye. "Nilimlisha kama ninavyolisha huyu wangu, amelala, namimina kidogo kidogo. Nilijua ninamsaidia. Hakuna mtu aliyenieleza. Si mtu angenieleza?"

Wanawake walimshika mabega, wakamwambia ni mipango ya Mungu. Nami nilikuwa miongoni mwao, mkono wangu mgongoni pake. Nilisema maneno hayo hayo.

Baada ya wiki mbili mama mdogo wa msichana alikuja shuleni kuchukua barua ya uhamisho, amchukue mtoto kwao Bugesera. Mkuu wa shule aliandika barua nzuri, akataja nidhamu na mahudhurio. Wakati muhuri unatafutwa nilimwita msichana nje, tukasimama nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa sijalala vizuri tangu msiba.

"Sikumwambia jirani ile habari ya kumkalisha," nilisema. "Nilimwambia ampe uji, basi. Ulipouliza nilikujibu vibaya."

Alitazama viatu vyake. Nilitaka alie, au anitukane.

"Najua," alisema. "Kwa msiba nilimusikia jirani."

"Nisamehe."

"Mimi pia. Kila jioni nilimukuta jirani pale nyumbani. Ningemuonyesha. Lakini Mwalimu ulisema umemwambia, nikaona nikimwambia tena atasema ninamdharau."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto yule alikuwa ameshajipangia sehemu yake ya kosa, na kwamba anaibeba kwenda nayo Bugesera. Nilimwambia hapana, si wewe, ni mimi. Nilirudia mara mbili au tatu. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, jinsi wanafunzi wanavyoitikia wanapotaka mwalimu amalize. Mama yake mdogo akamwita kutoka langoni, akaenda.