Mwandiko wa Wifi Ndani ya Beseni

Ninyi vijana mutakaosoma haya kwenye simu, herufi zenu zinafanana zote, za mutu mwema na za mwizi. Mumepona. Mimi nimehukumiwa kwa mwandiko wangu tangu niolewe, kwa sababu ya wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, tunayekaa naye nyumba moja.

Wifi alisoma kwa masista. Herufi zake ni za duara, zimeshikana mikono. Mume wangu alizoea kusema, "Ona mwandiko wa dada yangu. Mutu muzuri anaonekana." Kisha anatazama wangu, anageuza karatasi.

Mimi nilijifunza kwa mwalimu wa Kurani, kwenye ubao, kwa wino wa masizi, kutoka kulia kwenda kushoto. Ukishashika somo moyoni, unaosha ubao, unaandika lingine. Herufi za Kifaransa zilinikuta tayari mama, nikazisoma miezi mitatu tu. Zikatoka kama miba, kila moja peke yake, zimeinama kurudi nyuma. Nyumba ikasema: koko, yaani mimi bibi yao, ni mukali, hata herufi zake hazikai pamoja. Lakini mwalimu wangu wa ubao alisema nina mukono wa upole. Sasa mimi ni nani, yule wa kulia au yule wa kushoto? Na wanawake wote waliosoma na wifi wanaandika kama yeye. Mumoja wao namujua sokoni, herufi zake tamu, na mafuta yake ya mawese anayatia maji. Walijifunza mukono wa sista, si roho yake.

Nilijua haya yote. Wivu haukutoka.

Mwaka huu mujukuu wangu, niliyemulea mimi, alichumbiwa na kijana wa mutaa wa Kabondo. Barua ya kukubali posa, kwetu, inaandikwa kwa mukono. Tonton wa kijana, mujomba wake, angepita kuichukua saa kumi. Mujukuu akapeleka karatasi kwa wifi.

"Koko, usikasirike. Kule wataangalia mwandiko. Watasema ndivyo familia iko."

"Na mimi siko familia?"

"Uko, koko. Lakini mwandiko wako unaogopesha."

Wifi akaandika, akaiacha mezani, akaenda kuoga. Nikaichukua. Sikuichana, kuchana ni kazi ya mutu mubaya. Niliitia kwenye beseni ya maji, nikasugua kwa kidole kama tulivyosugua ubao, nipate karatasi tupu niandike mimi. Karatasi ikalegea, ikakunjamana. Herufi za wifi zikabaki palepale, za buluu, zimeshikana mikono.

Wifi alinikuta bado nasugua. Akatazama, akakaa kwenye kiti, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wifi, wino wa kalamu ya biki hauoshwi."

"Nimeona."

"Bon. Saa tisa imepita na barua hakuna. Andika wewe."

"Watasema bibi harusi anatoka nyumba ya miba."

"Mutoto umemulea wewe. Mimi nilifuata tu yale sista alinionyesha. Andika."

Niliandika. Mistari yangu ilipanda mulima. Mujukuu alisimama mulangoni anauma kidole.

Tonton alifika na pikipiki yake. Aliisoma amesimama, mara mbili.

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Inaonekana ni mutu asiyegeuza neno," akasema, akaitia mufuko wa shati. "Alors, tutakuja Jumamosi."

Mujukuu akapumua. Mimi sikujisifu. Yule tonton alinisoma kwenye karatasi. Hakunisoma kwenye beseni. Angefika mapema kidogo angeona mambo mengine. Na barua ya wifi ilikuwa juu ya kamba, inakauka katikati ya nguo, na hata ilivyokunjamana ilikuwa nzuri kuliko yangu. Iliniuma.

Nikaita nyumba yote, wifi naye. Nikasema: kila Jumapili tukishakula, meza ifutwe, ziwekwe karatasi mbili na biki mbili, moja ya wifi, moja yangu. Atanionyesha duara zake. Na nisimuone mutu anasimama nyuma yetu kulinganisha.