Kaseti Yangu Kwenye Gari la Marehemu

Nichekeni tu, jamani. Kazi bado ninayo, kwa hivyo hata mimi najicheka.

Mimi ni dereva wa bosi mmoja hapa Muaither, kando ya Doha, mpenda magari ya zamani. Pikapu aliyonipa ya kwenda sokoni, redio yake ilikufa kitambo. Gerejini kwake kulikuwa na gari dogo la marehemu baba yake. Halikuendeshwa, lakini redio ya kaseti liliyotoka nayo kiwandani ilikuwa nzima. Nikaona inakaa bure, nikazibadilisha. Tundu la pikapu lilikuwa finyu, nikalipanua kwa tupa. Kaseti ya mzee nikaihifadhi, nikaweka ya kwaya yetu ya Bungoma. Raha iliyoje! Hata foleni za Doha nilianza kuzipenda.

Ijumaa bosi akasema, "Wafula, osha gari la baba. Leo nina wageni."

Nikarudisha redio mbio, nikaunga nyaya rangi kwa rangi, kisha nikasimama kando nimejaa maringo kama niliyelitengeneza gari lenyewe.

Wageni wakalizunguka. Bosi akawaambia kwa sauti ya chini, "Humu mna kaseti aliyoipenda baba mpaka mwisho." Akabonyeza.

Kinanda kikalia. Bosi hajui Kiswahili, lakini jina moja huliita kila asubuhi, na mtangazaji wetu alilitamka vizuri kabisa: "Sasa tumkaribishe mwimbaji wetu, Ndugu Wafula!"

Kanzu zote nyeupe zikanigeukia. Na mimi, mle ndani ya redio, nikaanza kuimba.